Tairi la njia mbovu huchaguliwa kwa ubavu wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu kurasa zenu za magari, ambazo nimezisoma kwa miaka mingi na ninazithamini. Kila mnapoeleza gari jipya la 4x4, yaani lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, mnatupa nguvu za injini, idadi ya gia, ukubwa wa kioo cha dashibodi na hata aina ya ngozi iliyofunika viti. Lakini ikifika zamu ya magurudumu, habari huwa ni sentensi moja tu, kwamba gari limevishwa rimu za inchi 20 zinazovutia. Msomaji anayekusudia kulipeleka gari hilo kwenye mchanga, matope au mawe anafunga gazeti bila kujua jambo litakaloamua kama atafika au atalala njiani.

Mimi si fundi wala muuzaji. Nimeendesha magari ya aina hii kwa miaka 22 kwa ajili ya kazi, mingi ya miaka hiyo nikiwa mbali na lami, na ninayoyaandika nimejifunza nikiwa nimepiga magoti kando ya jeki. Kauli yangu ni hii: tairi la njia mbovu huchaguliwa kwanza kwa ubavu wake, yaani ile sehemu iliyo kati ya ukingo wa rimu na meno, na rimu yenyewe huchaguliwa kwa namna itakavyouacha ubavu huo uwe mrefu. Meno, ambayo wanunuzi wengi huanza kuyapapasa mara tu waingiapo dukani, yanakuja baadaye.

Namba zilizochapwa ubavuni zinaeleza karibu kila kitu, ila ni wachache wanaofundishwa kuzisoma. Tuchukue tairi lililoandikwa 265/70R17. Upana wake ni milimita 265; kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 185.5, R inaonyesha kuwa nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo wa radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha ubavu wa juu, rimu na ubavu wa chini, unapata gurudumu lenye kimo cha takriban milimita 803. Sasa tuchukue tairi la 265/55R20, la kufungwa kwenye zile rimu kubwa zinazosifiwa. Kimo chake chote ni milimita 799.5, karibu sawa na la kwanza, na mtu aliyesimama kando ya barabara hawezi kuona kwamba gari moja limeinuka kuliko jingine. Lakini ubavu wake ni milimita 146 tu. Takriban milimita 40 za mpira na upepo zimeondolewa kila upande, na mahali pake pamewekwa chuma. Gari halikuinuka, wala halikupata meno zaidi. Limepoteza tu kile kilichokuwa kikiikinga rimu isigonge jiwe.

Milimita hizo 40 zina thamani kubwa kwa sababu ya jinsi tairi la radiali linavyofanya kazi. Katika muundo huo, ambao kampuni ya Michelin iliusajili mwaka 1946, nyuzi za mwili wa tairi hukatiza moja kwa moja kutoka mdomo mmoja wa tairi, yaani ukingo unaokaa kwenye rimu, hadi wa pili, na mikanda ya waya huzunguka chini ya meno peke yake. Kwa hiyo uso wa tairi hubaki umetulia juu ya ardhi wakati ubavu unajikunja na kujinyoosha kwa uhuru. Ukipunguza upepo, ubavu hujikunja zaidi na alama ya tairi ardhini hurefuka. Nasema hurefuka kwa makusudi, maana watu wengi hudhani kwamba hupanuka tu. Hupanuka kidogo na hurefuka sana, na urefu huo ndio unaoyapa meno mengi zaidi nafasi ya kushika ardhi kwa wakati mmoja, na ndio unaotandaza uzito ili gurudumu lisizame. Ubavu mfupi hauna nafasi ya kujikunja hivyo. Kabla alama haijarefuka vya kutosha, rimu imekwisha kuikaribia ardhi.

Jambo hili si geni hata kidogo. Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyevuka bahari za mchanga za Jangwa la Libya mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, alifanya safari hizo kwa magari ya kawaida ya Ford ambayo injini yake ilisukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Hakuwa na difu (mfumo wa gia unaogawa nguvu kwa magurudumu) ya kufungwa wala kompyuta ya kuchagulia aina ya ardhi. Alikuwa na mabamba ya chuma ya kuweka chini ya magurudumu yaliyozama, na alikuwa amegundua kwamba tairi lililopunguzwa upepo hupita juu ya mchanga ambao tairi lililojaa huuchimba. Kila ninapomwona dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu huku magurudumu yakizidi kujizika, natamani azime injini, ashuke, na atumie dakika tano tu kutoa upepo.

Kiasi cha kupunguza hutegemea uzito wa gari, kwa hiyo namba ninazozitaja ni za kuanzia tu. Gari la uzito wa kati linalotembea na psi 35 (psi ni paundi kwa inchi ya mraba, kipimo cha msukumo wa upepo) kwenye lami hutulia vizuri kwenye changarawe yenye makunyanzi likishushwa hadi psi 28 au 26. Kwenye mchanga laini wengi huanzia psi 18, na wakikwama hushuka hadi 15. Chini ya hapo mdomo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu dereva akikata kona kwa ghafla. Lililo muhimu kuliko namba zote hizo ni kwamba upepo ukishuka, mwendo nao ushuke. Gurudumu la kimo nilichokitaja, likienda kilomita 100 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara 600 kwa dakika, na katika kila mzunguko ubavu wenye upepo mdogo hukunjwa hadi kupita kiasi chake, hupata joto kutoka ndani, na hatimaye hupasuka bila kuguswa na jiwe lolote. Ndiyo maana anayetaka faida ya ubavu mrefu ni lazima abebe geji anayoiamini na pampu ya kurudishia upepo afikapo lami, na avihesabu vitu hivyo viwili ndani ya bei ya matairi, asivichukulie kuwa mapambo ya kununuliwa fedha zikibaki.

Ubavu mrefu usio na nguvu, hata hivyo, hautoshi. Magari mengi ya 4x4 hutoka kiwandani na matairi ya daraja la magari madogo, yenye ubavu mwembamba, kwa sababu ni mepesi, hayapigi kelele na hayali mafuta mengi. Tairi ambalo namba zake zinatanguliwa na herufi LT limeundwa kwa ajili ya malori madogo, na kwa kawaida mwili wake una nyuzi nzito zaidi na mpira mnene zaidi. Kwa mtu anayepita kwenye mawe yenye ncha, au kwenye vichaka vilivyofyekwa vikabaki visiki, ningesema LT bila kusita, kwa kuwa pancha ya kwenye meno huzibwa kwa dakika chache lakini ubavu uliochanika ndio mwisho wa tairi hilo. Kuna sharti lake, na sharti hilo sijawahi kulisikia likitajwa na muuzaji mpaka nilipouliza mwenyewe: tairi la LT huhitaji upepo mwingi zaidi ili libebe uzito ule ule. Psi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva ilikokotolewa kwa matairi ya kiwandani, na likifungwa LT namba hiyo inaweza isitoshe gari likiwa na mzigo. Mnunuzi adai jedwali la uzito na upepo kutoka kwa mtengenezaji wa tairi, nalo lipo.

Baada ya vipimo huja namba ya uzito na herufi ya mwendo. Namba 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 115 ni kilo 1,215 na 121 ni kilo 1,450, tairi likiwa limejazwa upepo uliopangwa kwa uzito huo. Herufi Q ni mwendo wa juu wa kilomita 160 kwa saa, na S ni 180. Wengi wa wenye magari haya hawajawahi kuyapandisha kwenye mizani yakiwa yamepakiwa kwa safari, na ningewasihi wafanye hivyo hata mara moja tu. Ongeza tangi la maji, tairi la pili la akiba, abiria watano na mizigo ya juu ya paa, kisha upime ekseli ya nyuma peke yake. Ekseli iliyofikia kilo 1,800 inaweka kilo 900 juu ya kila tairi gari likiwa limesimama, na kila shimo barabarani huongeza pigo juu ya hapo. Tairi jipya lisiwe na namba ya uzito iliyo chini ya ile ya tairi lililokuja na gari, hata kama meno yake yanapendeza namna gani.

Kuhusu meno nitasema machache, kwa kuwa yanaonekana kwa macho na kila mtu ana maoni yake. Tairi la AT, la ardhi mchanganyiko, linamfaa mtu ambaye sehemu kubwa ya safari zake ni lami na changarawe, na kwa maoni yangu hao ndio wengi wetu. Tairi la MT, la matope, lina meno makubwa yaliyoachana ili tope litoke kila gurudumu linapozunguka. Linashinda pale tope linapokuwa zito na la kila siku, lakini kwenye lami iliyolowa hushika vibaya zaidi wakati wa kufunga breki, huunguruma, na huisha mapema. Kwenye mchanga meno makali hayo hayasaidii, huchimba. Anayenunua MT kwa ajili ya wiki moja ya matope kwa mwaka anayalipia meno hayo wiki nyingine 51.

Kisha kinakuja kishawishi cha ukubwa, ambacho najua nguvu zake. Tairi la 285/70R17 lina kimo cha takriban milimita 831, yaani milimita 28 zaidi ya lile la 265/70R17, na wanunuzi hufurahi kwamba gari limeinuliwa milimita 28. Halikuinuliwa hivyo. Ekseli imepanda nusu yake tu, milimita 14, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli, ikielekea kwenye madigadi. Malipo ya milimita hizo 14 ni makubwa kuliko wanavyodhani: spidomita ikisoma 100, mwendo halisi umeongezeka kufika karibu 103.5, gia zote zimekuwa ndefu, kwa hiyo injini inahangaika kwenye mlima na hata kwenye gia ya chini kabisa gari linateremka kwa kasi zaidi, breki zina gurudumu zito zaidi la kusimamisha, na usukani ukizungushwa hadi mwisho wakati springi imebonyea, tairi linaweza kukwaruza. Hatua moja ya ukubwa juu ya kile cha kiwandani naikubali kwa anayehitaji, baada ya kupima nafasi springi ikiwa imebonyea. Hatua mbili zinataka kazi ya fundi kwenye springi, difu na bodi, na hiyo si tena habari ya kuchagua matairi.

Sina upande katika ubishi wa tairi pana na tairi jembamba. Jembamba hukata tope la juu likafikia ardhi ngumu iliyo chini, kama ipo. Pana huelea vizuri zaidi pale ambapo chini hakuna kitu kigumu. Kwa anayepita kote kote, upana uliokuja na gari ni mahali pazuri pa kubaki.

Chochote kitakachochaguliwa, magurudumu yote matano yawe ya kipimo kimoja, na nasisitiza matano kwa sababu la tano husahaulika. Gari ambalo magurudumu yote husukumwa wakati wote, likifungwa tairi la akiba la kipimo cha zamani, hulazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika kwa kilomita zote zilizobaki, maana gurudumu moja linazunguka haraka kuliko mengine. Kwenye gari la aina ya kuunganisha ekseli ya mbele kwa wenzo, tofauti hiyo hugeuka kuwa mvutano ndani ya shafti na giaboksi. Ukubwa ukikubalika, tairi la akiba nalo liingizwe katika zamu ya kuzungushwa kila baada ya kilomita 10,000 au kabla ya hapo, ili yote matano yaishe kwa pamoja.

Nageukia rimu. Kanuni yangu ni kipenyo kidogo kuliko vyote ambacho breki za gari hilo zitakikubali: kama inchi 17 inapita juu ya kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, bila kugusa, sioni sababu ya 18, na sioni kabisa sababu ya 20. Chuma au aluminiamu ni suala dogo kuliko linavyofanywa; ya chuma ikipinda hugongwa ikarudi, ya aluminiamu ikizidiwa hupasuka, lakini rimu nzuri ya aluminiamu iliyochapwa kwa nyuma uzito inaoweza kubeba ni bora kuliko ya chuma isiyojulikana ilikotoka. Zile rimu za zamani zenye pete ya kufungia, ambazo bado zinatembea na matairi ya 7.50-16 yenye tyubu, zina sifa ya kuweza kufunguliwa porini kwa mkono, lakini pete hiyo ikiruka wakati wa kujaza upepo huua, na haipaswi kuguswa na asiyefundishwa.

Makosa makubwa hutokea kwenye vipimo visivyoonekana. Toyota Hilux ya 4x4 na Land Cruiser Prado hutumia nati sita kwenye duara la milimita 139.7, ilhali Land Cruiser 100 na 200 hutumia nati tano kwenye duara la milimita 150. Hilo mtu hulikosea mara moja tu, kwa kuwa rimu haingii. Ofseti ndiyo inayodanganya. Ni umbali, kwa milimita, kati ya uso wa rimu unaolala kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa, na mstari wa katikati wa upana wa rimu. Ukitoka ofseti ya 30 chanya ukaenda sifuri, kila gurudumu limetokeza nje milimita 30. Gari linaonekana limejitanua na wengi hulipenda hivyo, lakini beringi sasa zinabeba uzito kwa mkono mrefu zaidi kuliko zilivyoundiwa, usukani unarushwa na kila jiwe, na tope linapakwa ubavuni mwa gari hadi kwenye vioo. Vipande vya kuongezea upana vinavyofungwa kati ya habu na rimu huleta matokeo yale yale, na kuongeza nati nyingine za kulegea.

Hilo la nati limenigusa mwenyewe. Mwaka mmoja nilifungiwa rimu za aluminiamu zilizotoka kwenye gari jingine, na aliyezifunga akatumia nati zangu za rimu za chuma. Nati hizo zilikuwa na ncha iliyochongoka, ilhali tundu za rimu zile zilikuwa bapa na zilihitaji nati zenye shingo na washa. Zilikaza, na kwa macho zilionekana zimekaa. Baada ya takriban kilomita 200 za changarawe nilisikia mlio mdogo wa kugonga kutoka nyuma, na niliposhuka nilikuta nati mbili hazipo na bolti moja imekatika. Watoto wangu walikuwa ndani ya gari hilo. Tangu siku ile siondoki na rimu ngeni bila kuitoa nati moja na kuilinganisha na tundu lake, na baada ya kilomita 50 za kwanza husimama nikazikaza zote upya kwa spana inayopima nguvu ya kukaza.

Lipo pia suala la umri. Mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa stoo au chini ya gari kwa miaka mingi lina meno mapya na ubavu uliozeeka, na ubavu ndio nilioanza nao barua hii. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 hata kama meno yake yamebaki, na la akiba halijasamehewa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapoandika tena juu ya gari la 4x4, tuchapishieni kipimo kamili cha tairi lililokuja nalo pamoja na namba ya uzito, kimo cha ubavu kwa milimita, ofseti ya rimu, na kipenyo kidogo kuliko vyote kinachoweza kupita juu ya breki zake. Na tuambieni kama tairi la akiba ni la kipimo kile kile au ni lile jembamba la kufikia gereji. Ni mistari miwili tu, na nafasi yake inaweza kupatikana pale panapoelezwa ngozi ya viti.

Naomba kuwasilisha.

Msomaji wenu wa miaka mingi